Kokoto Zangu Ndani ya Kompyuta

Shule niliiacha darasa la nne, na tangu hapo sijarudi hata kuisalimia. Watu wengine wakisema hivyo wanainamisha kichwa. Mimi nasema kama mtu anayetaja cheo chake. Wenzangu walioendelea mpaka vyuo vikuu, wengine leo wananiletea mpunga niwakobolee. Wanakaa kwenye foleni barazani kwangu, na nikipita wananipisha kiti. Kiti chenyewe changu.

Mashine yangu iko Ifakara, upande wa kuingilia mjini ukitokea Kidatu. Nilianza na baiskeli, nikibeba mpunga wa watu kutoka Michenga, kipindi cha mvua baiskeli inanibeba mimi kidogo na mimi naibeba zaidi. Sikuwa na gunia langu hata la kukalia. Leo ukimwambia bodaboda, "Nipeleke kwa mwenye mashine," hakuulizi ni yupi. Wenye mashine wengine wapo, sikatai. Wapo tu.

Msimu ninaousimulia hapa nilikuwa nimefanya jambo ambalo ndugu zangu walikaa kikao kulijadili. Nilinunua mashine ya gredi, ile inayotoa vijiwe, inatenga chenga na mchele mzima, inang'arisha, mchele unatoka umefanana kama watoto wa sare. Niliuza lori, nikauza na kiwanja nilichokuwa nakiringia. Sasa mashine ya namna ile hailishwi na mama mwenye gunia lake la kula nyumbani. Inataka mnunuzi mkubwa, mtu wa kukodi ghala na kumwaga mpunga msimu mzima. Na mnunuzi alikuwepo. Mama mmoja wa kampuni ya Dar es Salaam alikuwa amepiga simu kwamba atakuja kuangalia sehemu mbili, kwangu na kwa bwana mmoja wa Mkula. Akinichukua mimi, nimetoka. Akimchukua wa Mkula, mashine yangu inakuwa banda la kuku la bei mbaya kuliko yote bondeni. Hilo lishike, maana kompyuta inaingia sasa hivi.

Kompyuta ililetwa na chama chetu cha wakulima na wakoboaji. Mwenyekiti wetu ni mtu anayependa kila jambo liwe na semina, kwa sababu semina ina soda na bahasha. Akatuita, akasimama, akasema maarifa ya bonde la Kilombero yanapotea, wazee wanakufa nayo, vijana hawayajui, na kwa hiyo umepatikana mradi wa kuyakusanya yote na kuyahifadhi kwenye kompyuta. Jina lake Benki ya Maarifa. Tukapiga makofi. Mtu akiniambia kuna benki isiyouliza dhamana, na mimi napiga makofi.

Pamoja na mradi alikuja mtaalamu. Kijana mpole sana, ana shahada mbili, ana macho ya mtu anayesoma hata karatasi iliyofungiwa karanga. Alikuja barazani kwangu na kishikwambi chake kwapani, akaniamkia vizuri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Una mpunga?"

"Hapana, mzee. Nimekuja kuchukua maarifa yako."

Nikamwambia akae kwanza, maana neno hilo, kuchukua, sijawahi kulipenda kwa mtu ambaye hajaja na gunia. Akaeleza. Mmoja anajua mto ukifurika maji yanapita wapi, mwingine anajua mbegu ipi inavumilia, mwingine anajua kukausha mpunga usivunjike mashineni. Kila mtu kafungia lake kichwani. Wao wanarekodi kila mtu kwa sauti, kompyuta inayapanga, halafu mkulima yeyote akiuliza kupitia simu yake, akili mnemba inamjibu papo hapo.

"Inamjibu bure?"

"Bure kabisa, mzee."

"Na mimi niliyeyajua kwa kuumia mgongo, napata nini?"

"Unatambuliwa, mzee."

Nikamwangalia. Natambuliwa! Mimi ninayetambuliwa na bodaboda, na polisi wa barabarani, na mbwa wa soko zima.

Akaniuliza, mpunga uliokauka sawasawa naujuaje. Hapo ndipo penye kazi yangu yote, bwana. Mpunga mbichi unapondeka mashineni, ulioiva jua kupita kiasi unakatika chenga tupu. Mimi nauma punje kwa meno ya mbele, nasikiliza inavyolia, na kuna mlio mmoja tu ninaoutaka. Watu wamenitazama nikiuma miaka na miaka, wameuma na wao, hawajapata kitu. Nikamjibu mtaalamu, "Kwa uzoefu." Akaandika: kwa uzoefu. Akanishukuru sana.

Usidhani nilikuwa peke yangu. Bonde zima lilimpokea hivyo hivyo. Mvuvi mmoja alimwambia samaki wako mtoni. Mganga akamwambia dawa ni majani. Mama mmoja wa kijiji cha Mbingu, ambaye vitalu vyake haviliwi na ndege hata siku moja, kila mtu anamwonea wivu, alisema siri yake ni kuamka mapema. Mtaalamu alizunguka na pikipiki mpaka akachubuka, akarudi na maarifa ya Kilombero: kwamba samaki wako mtoni, na dawa ni majani, na watu waamke. Mwenyekiti akasema mradi unakwenda vizuri.

Kitu ambacho watu hawakukibania ni utani.

Hapa lazima nimtaje fundi. Ni fundi cherehani, anashonea chini ya paa langu, kwenye kona ya baraza, na kodi hajawahi kulipa, kwa sababu ni mtani wangu. Yeye Mngoni, mimi Mpogoro, makabila yetu yanataniana tangu enzi za mababu, na hilo linatosha. Huyu mtu ana ruhusa ya kunitukana asubuhi kabla sijanywa chai. Ananiita mtumwa wake, anasema babu zake walimkamata babu yangu amejificha kwenye kichuguu na ndiyo maana mpaka leo naogopa mchwa. Mimi namwambia ashone haraka, panya wake wa kitoweo wasije wakachacha nyumbani kwake, mboga yote itaharibika. Wateja wanacheka, foleni inasogea. Mama yangu alipofariki, fundi huyu ndiye aliyeruka ndani ya kaburi akajilaza, akasema hatoki mpaka marehemu alipe deni la pombe, na mama yangu hakuwahi kuonja pombe. Watu waliokuwa wanalia wakacheka na machozi yao. Halafu akatoka, akaosha masufuria ya matanga mpaka la mwisho. Mtu wa namna hiyo humwambii anyamaze.

Basi mtaalamu, katika kuzunguka kwake, akafika na kwenye cherehani. Foleni imejaa, mimi niko ndani nasukuma mkanda wa mashine. Akamuuliza fundi, je, anasemaje kuhusu huduma ya mashine hii.

Fundi akasimamisha cherehani. Wananiambia aliinua uso kama mtu aliyeitwa na Mungu.

"Mtumwa wangu huyu? Mchele wake una mawe, mwanangu. Rekodi hiyo, rekodi vizuri. Ana mawe kuliko Milima ya Udzungwa. Barabara hii ya lami unaiona inavyojengwa? Alfajiri anakwenda na ungo, anaokota kokoto, anachanganya kwenye mchele. Mkandarasi akiishiwa, anakuja kuazima hapa."

Baraza likapasuka. Msukuma mmoja wa Michenga, mzee wa buti za mvua na ng'ombe wengi, alicheka mpaka akashikilia gunia. Sasa mfumo ule ulikuwa na kitufe. Mtu akisema jambo, wanachama wanalipata kwenye simu zao, na anayeona ni kweli anabonyeza Nakubaliana. Wakibonyeza wengi, uhakika unapanda. Basi waliokuwepo wote wakatoa simu, wakabonyeza. Jioni wakawasimulia waliokuwa hawapo, nao wakabonyeza. Na mimi nilibonyeza! Nilisikia sauti ya mtani wangu, nikacheka, nikabonyeza, kwa sababu kwa kweli lile la mkandarasi kuja kuazima lilikuwa zuri.

Hakuna aliyemwambia mtaalamu kwamba ni utani. Ungeanzaje? Ni kama umwambie mtu kwamba mvua inalowesha. Yeye alikulia mjini, kwenye nyumba ya geti, akasoma vitabu vyake vyote. Alifikiri Mngoni akisema mchele wa Mpogoro una mawe, maana yake mchele una mawe.

Siku ya kuzindua, mwenyekiti alikata utepe mbele ya kishikwambi. Sauti ya akili mnemba ilikuwa ya dada mmoja mtulivu, Kiswahili sanifu, kama anasoma taarifa ya habari. Mwenyekiti akaiuliza samaki wanapatikana wapi. Ikajibu: mtoni. Makofi. Mimi sikungoja soda, nilikuwa na mashine ya gredi ya kufunga.

Mnunuzi akaja wiki iliyofuata. Gari safi, ingawa vumbi la barabara ya Kidatu lilikuwa limeshaanza kulifundisha adabu. Mama mnene kidogo, mkavu wa maneno, anatembea anaangalia chini kama anatafuta sarafu. Nikamwonyesha ghala, nikamwonyesha mashine mpya, nikawasha ilie asikie. Nikamweleza nilivyoanza na baiskeli. Watu wengi habari ile ya baiskeli inawagusa. Yeye aliangalia saa.

"Kaka yangu, mashine nzuri. Lakini sisi ofisini kabla ya kusaini tunaangalia kwanza Benki ya Maarifa. Chama chenu kimetuunganisha."

"Angalia, mama," nikasema, na nilisema kwa kujiamini kabisa. "Angalia wewe mwenyewe nisikusimulie."

Mtaalamu alikuwepo, akamfungulia kishikwambi juu ya meza ya mizani. Baraza zima likasogea lisikie. Yule dada akazungumza kwa utulivu wake:

"Kwa mujibu wa maarifa ya wanajamii, mashine hii hutoa mchele wenye mawe. Chanzo cha mawe ni ujenzi wa barabara. Mmiliki huyakusanya mwenyewe kwa kutumia ungo. Kiwango cha uhakika: cha juu sana. Mmiliki amethibitisha."

Na doa jekundu likajitokeza pembeni ya jina la mashine yangu, kubwa kama kidonda.

Baraza lilitaka kucheka, likaniona uso, likajizuia. Nikamgeukia mtaalamu.

"Hii futa."

"Siwezi, mzee. Ndiyo taarifa yenye uhakika mkubwa kuliko zote tulizonazo. Hata ile ya samaki haijafika hapo."

"Ni utani! Aliyesema ni mtani wangu!"

Kijana akapauka. Namwonea huruma nikikumbuka. "Mbona hukuniambia, mzee?"

"Uliniuliza?"

Mama akawa anafunga mkoba wake. Alisema hana ubaya na mimi, ila ofisi yake haijui utani, inajua rangi. Wa Mkula ana rangi ya kijani, hana lalamiko hata moja. Kwenye doa jekundu hawasaini. Labda lifutwe kabla hajaondoka.

"Linafutikaje?" nikamuuliza mtaalamu.

"Aliyetoa maelezo ayabadilishe mwenyewe. Kwa sauti yake."

Wote tukageuka kumtazama fundi. Alikuwa ameinamia cherehani, anashona suruali ambayo nadhani ilikuwa imeshakwisha kushonwa.

Nikamwendea. Nikaongea naye pole pole, kama mtu mzima na mwenzake. Nikamwambia, mwenzangu, leo si siku ya utani, mashine yangu yote iko mdomoni mwako, nenda pale useme mchele hauna mawe, basi. Akanitazama juu mpaka chini.

"Mtumwa anamwamuru bwana wake? Mbele ya wageni?"

"Nakuomba."

"Ukiomba, desturi unaijua."

Desturi naijua. Mtani ukitaka akuachie, unamlipa, na malipo ni kuku, na akishamshika mkononi watu wote wanajua umeshindwa. Sijawahi kumpa mtu yeyote kuku wa namna hiyo. Nimetozwa faini na maofisa wenye nyota mabegani nikalipa huku nawacheka. Lakini nilitazama mashine yangu ya gredi kule ndani, inang'aa, haijaonja zaidi ya magunia mawili ya majaribio, nikamwita mke wangu alete jogoo. Akaleta yule mwekundu, mkubwa, ambaye mimi mwenyewe nilikuwa namwogopa. Fundi akampokea kwa mikono miwili, akamwinua baraza limwone. Wanawake wakapiga vigelegele. Nilitazama pembeni.

Fundi akasimama mbele ya kishikwambi, jogoo kwapani, akakohoa.

"Mimi niliyesema habari za mawe, leo nimepewa jogoo na mtumwa wangu, nimeridhika. Natangaza hivi: mchele wake hauna mawe tena. Mawe yamekwisha. Ameyauza yote."

Ningemkaba, lakini jogoo alikuwa katikati yetu. Kishikwambi kikafikiri kidogo, kaduara kanazunguka. Halafu yule dada, bila haraka:

"Taarifa imehuishwa. Huduma zinazotolewa: ukoboaji wa mpunga na uuzaji wa kokoto. Tahadhari: mmiliki alimpa shahidi kuku kabla ya shahidi kubadili maelezo."

Madoa mekundu yakawa mawili.

Sasa hapo baraza halikuweza tena. Watu walilala juu ya magunia. Mtaalamu alikuwa anabonyeza bonyeza kila mahali kama mtu anayezima moto kwa vidole. Mama alisimama, akasema anashukuru kwa mapokezi, anakwenda Mkula. Nami nikaona banda langu la kuku la chuma, na jogoo mwenyewe nimeshamtoa.

Aliyeniokoa hakukusudia kuniokoa. Yule mzee wa Kisukuma wa Michenga, mwenye buti, alikuwa amekaa njiani, na mama ili apite ilibidi aombe njia.

"Pita, mama," akasema, hajasogea. "Ila niambie, kwenu hasa ni wapi? Dar es Salaam si kwao na mtu."

"Kwetu Kisarawe."

Mzee akajipiga paja. "Mzaramo! Wabeja, asante Mungu, wabeja sana, leo nimeletewa mtani mpaka hapa! Ndiyo maana anategemea kioo cha kishikwambi badala ya jembe. Jamani, Mzaramo mnamjua? Ukimpa jembe analigonga kwanza asikie mlio, halafu analipigia ngoma mpaka asubuhi!"

Nilidhani atampita. Mtu wa ofisi, viatu vile, mkoba ule. Akaweka mkoba chini.

"We Msukuma!" Sauti ikawa nyingine kabisa, sauti ya uani kwao. "Nani kakufungua kamba? Umekuja huku kwa miguu yako au ng'ombe ndiye aliyekuleta, wewe ukashuka njiani ukapotea? Buti hizo umevaa za mguu mmoja mmoja au umeambiwa zinakwenda pamoja? Rudi kwenu ukale michembe yako ya viazi vikavu!"

Mzee alifurahi kama amepewa fahali. Wakaendelea hivyo, mmoja anapiga, mwingine anapokea, na mama yule mkavu wa maneno akawa anacheka amejishika kiuno, jasho linamtoka. Akasahau Mkula. Akasahau mpaka kishikwambi. Na mtaalamu, kwa haraka ile ya kubonyeza, alikuwa amekiacha kinasikiliza.

"Maarifa mapya yamepokelewa," akasema yule dada.

Vichwa vyote vikageukia meza ya mizani.

"Mnunuzi wa msimu hana uzoefu wa kilimo. Hutumia zana za kilimo kwa burudani. Kiwango cha uhakika: cha kati."

Nikasikia simu zinalia barazani, moja baada ya nyingine, taarifa imefika kwa wanachama. Na watu wangu, Mungu awabariki, wana mikono myepesi. Wakabonyeza. Fundi alibonyeza na jogoo kwapani.

"Kiwango cha uhakika: cha juu sana."

Mama aliokota kishikwambi, akakitazama. Pembeni ya jina la kampuni yake kulikuwa na doa jekundu, bichi kabisa.

"Kijana," akamwita mtaalamu, taratibu. "Hii ofisini kwetu wanaiona?"

"Wanaiona, mama. Watumiaji wote wanaiona."

"Ifute."

"Aliyetoa maelezo ndiye—"

Mama akamgeukia mzee wa Michenga. Mzee akanyoosha kiganja. "Mimi sichukui kuku," akasema. "Mimi Msukuma. Lete ng'ombe."

Yule mama alikaa kwenye kiti. Kiti changu, nilimpisha mwenyewe. Alikaa pale anatazama doa lake na madoa yangu, na mimi nikamwacha, maana biashara nimejifunza hivi: mtu akiwa anapiga hesabu usimkatishe. Hesabu yake niliiona usoni. Akienda Mkula kwa sababu ya rangi, atakuwa amewaambia wakubwa wake kwamba rangi ile inasema kweli. Na kama inasema kweli kwangu, inasema kweli kwake pia, naye ni mnunuzi wa mazao anayecheza ngoma na majembe.

"Nipe ungo," akasema mwishowe.

Nikamletea ungo. Tukamwaga mchele uliotoka kwenye mashine mpya asubuhi ile, mbegu ya supa kutoka Mbingu. Akautandaza kwa kiganja, akapepeta, akachambua kwa vidole, na nikaona kumbe vidole vile vinajua. Akatafuna punje mbili tatu. Hakuna kijiwe. Huo ndio ukaguzi ambao angeufanya tangu alipofika, kama asingekuwa na kioo.

Halafu akapiga simu ofisini kwake pale pale, sauti yake imerudi kuwa ya ofisi. Akawaambia mfumo wa chama cha Ifakara una kasoro kubwa za uchakataji, taarifa zake zisitumike kwa maamuzi yoyote, hasa zile zilizoingia leo, na kwamba yeye amehakiki mwenyewe uwanjani na anapendekeza mashine iliyoko mjini. Alisema hasa zile zilizoingia leo mara mbili.

Tukasaini juu ya meza ya mizani. Mtaalamu aliomba kupiga picha kwa ajili ya ripoti.

Kuhusu mtaalamu sina kinyongo. Alikuja kesho yake akaniomba nimfundishe utani mwanzo mpaka mwisho, nani na nani, na mipaka yake. Nikamfundisha, kwa sababu utani si siri ya biashara. Akaenda akaongeza sehemu mpya kwenye Benki ya Maarifa, akaiita Utani, ili kila maneno ya namna ile yawekwe humo yasimchafue mtu. Akili nzuri. Mwenyekiti aliipenda kuliko mtu yeyote. Wiki hiyo hiyo malalamiko yote ya wanachama kuhusu mbolea ya ruzuku ilikopotelea yalihamishiwa kwenye Utani, moja baada ya jingine. Mama mmoja akapinga, akasema yeye na mwenyekiti ni kabila moja, ukoo mmoja, utani umetoka wapi? Akaambiwa maoni yake yamepokelewa. Nilikwenda kuangalia yamewekwa wapi. Yako kwenye Utani.

Na habari za maisha yangu, nilizomrekodia mtaalamu kwa moyo mweupe, za baiskeli na mvua za Michenga na jinsi nilivyoijenga mashine hii bila msaada wa mtu, nazo kompyuta imeziweka huko huko. Nimemwambia kijana azitoe. Anasema anajaribu, lakini mfumo unakataa.

Mashine ya gredi inalia mpaka majirani wanalalamika. Wa Mkula namsalimia vizuri tukikutana. Fundi na familia yake walimla jogoo wangu, naye akaniletea paja moja limefunikwa kwa sahani, akasema mtumwa naye ale, na nilikula. Bado yuko kwenye kona yake. Kodi hajalipa.

Lakini ile habari ya kokoto haijafutika mahali pote. Kuna kipande kilibaki kwenye kompyuta, sehemu ya huduma, ambako hakuna aliyekumbuka kuangalia. Mtu akiuliza kwenye simu, "Kokoto Ifakara zinapatikana wapi?" yule dada mtulivu anamwelekeza kwangu. Mwezi uliopita lori lilisimama nje. Dereva akashuka na simu mkononi, akauliza kama hapa ndipo wanapouza. Fundi hakuinua hata kichwa kwenye cherehani.

"Ndipo. Ingia ndani, mwulize mtumwa wangu, ataokota."

Tangu hapo wamekuja wengine, wanaojenga nyumba, wanaomwaga zege, wote wameelekezwa na kompyuta, na wote nawarudisha mikono mitupu. Mimi sijafika hapa kwa kurudisha wateja. Jana nimekwenda kuulizia lori la kokoto linauzwaje, na kile kiwanja changu cha zamani kama mwenyewe atakubali kunikodisha kipande cha kuzimwagia.